Mgeni wa Ukutani kwa Mama Truphena

Ninyi vijana mnaokuja kukaa kwenye ngazi za nyumba yetu hapa Makongeni, daftari mapajani, mkiniuliza nilianzaje kuchora watu, nataka niwaeleze kosa moja kabla sijawaeleza lolote la kusifiwa. Nilimchora mwanamke mmoja kwa miezi mitano. Nilimchora kwa makini ambayo sijawahi kuipa kazi nyingine yoyote. Kila rangi niliyoiweka ilikuwa sawasawa na ile niliyoiona mbele yangu, na picha nzima ilikuwa makosa.

Kosa lenyewe lilianzia karakana ya reli, kwa hiyo tuanzie huko.

Nilipaka rangi mabehewa ya treni tangu sijaota ndevu hadi siku niliyopewa barua ya kustaafu na kipande cha keki. Watu hudhani kupaka behewa ni kumwaga rangi na kuisambaza. Hiyo kila mtu anaweza. Kazi iliyomtofautisha fundi na mtu mwenye brashi ilikuwa kulinganisha. Behewa limegongwa, mlango umeharibika, mlango mpya unaletwa. Lakini behewa lenyewe limezunguka juani miaka mingi. Lilitoka kiwandani likiwa jekundu, na sasa lina rangi ya chai iliyozidiwa maziwa. Ukiupaka ule mlango rangi iliyo kwenye kopo, utaonekana kama kiraka kwenye suruali. Inabidi uichanganye rangi mpya mpaka izeeke mikononi mwako.

Msimamizi wetu, Mzee Wanyonyi, ndiye aliyenifundisha. Alikuwa mtu wa maneno machache na kofia moja. Alituambia rangi mbichi hudanganya, kwa hiyo tupake tone kwenye ukucha wa kidole gumba, tungoje ikauke, kisha tunyooshe mkono mpaka ukucha uguse behewa. Ukucha ukipotea, umepata. Usilinganishe juani wala chini ya taa, tafuta kivuli cha nje, asubuhi. Na usikodoe macho, yafinye, kwa sababu jicho lililofinywa huacha kusoma vitu na kuanza kuona rangi. Hayo yote yachukueni, bado yanafaa.

Siku moja nilimaliza mlango nilioupigania wiki nzima. Mzee Wanyonyi akarudi nyuma hatua kumi, akatazama behewa kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akaniuliza mlango mpya ni upi. Sikuwahi kupewa sifa iliyozidi swali lile. Nilistaafu nalo.

Basi mkumbuke hivyo: mimi nilikuwa bingwa wa kunakili kazi ya jua.

Mama Truphena ni jirani yangu, mlango kwa mlango, tangu kabla binti yangu Nelima hajazaliwa. Ni Mmaragoli, mwimbaji wa kanisani, mjane. Marehemu mumewe alikuwa gadi wa treni, mtu wa filimbi na bendera, na akirudi safari hakosi kitu kwapani. Safari moja alileta picha ndani ya fremu, aliyoinunua kwa familia ya Wazungu waliokuwa wakiuza vyombo vya nyumba ili wahame. Ilikuwa nakala ya kuchapishwa ya mchoro wa zamani sana wa Ulaya, wa karne zile watu walivaa kola kubwa kama sahani. Jina la mchoraji halikuwepo. Aliyeitia kwenye fremu aliona karatasi ni ndefu, akaikata chini, mahali majina huandikwa.

Ni msichana wa kazi ameketi kwenye kigoda, mikono ya blauzi ameikunja hadi kwenye viwiko, anashona shati lililotatuka. Mwanga unatoka kushoto, unaanguka kwenye paji la uso, unateremka kwenye mkono wenye sindano, unafia kwenye kikapu karibu na miguu. Nyuma yake ni ukuta. Basi. Hakuna malaika, hakuna farasi. Lakini mtu akiingia sebuleni kwa Mama Truphena, hupunguza sauti, kana kwamba kuna mtu anafanya kazi na hataki kusumbuliwa.

Mama Truphena alimwita Mgeni. Alisema amekaa ukutani kwake miaka yote hiyo bila kuomba hata maji ya kunywa. Watoto wake walipokuwa wadogo na wanagombana, aliwaambia Mgeni anawasikia, na walinyamaza. Mgeni alitazamana na dirisha, na kila alasiri jua liliingia kumsalimia, nasi sote tuliona ni jambo zuri.

Halafu macho ya Mama Truphena yakaanza kufunga. Alidhani ni uzee, akanunua miwani ya barabarani, akaibadilisha na nyingine. Alipofika kwa daktari aliambiwa ni presha ya macho, na kwamba sehemu iliyokwisha kupotea hairudi. Matone yangelinda iliyobaki kwa muda, lakini muda gani, daktari hakusema. Alirudi akapitia kwangu kabla ya kufungua mlango wake. Nilimuuliza anaonaje sasa. Akasema ni kama kuchungulia kwenye bomba, na kila mwezi mtu anabadilisha bomba kuwa jembamba zaidi.

"Nikikuangalia pua, Baba Nelima, masikio huna," akaniambia. Alicheka yeye kwanza, ili nami niweze.

Kisha akasema alichokuja kusema. Kabla bomba halijaziba, alitaka kumwona Mgeni mara moja tena kama alivyokuwa siku mumewe alipogonga msumari na kumtundika. Picha ilikuwa imechakaa, hilo alilijua. Watoto wake wangeweza kumletea picha nyingine mpya, lakini hakutaka nyingine.

"Wewe ni mtu wa rangi," akasema. "Nirudishie."

Nilikubali kabla sijafikiri. Alipotoka ndipo nilipokumbuka kwamba katika maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kuchora hata sikio. Nilikuwa nimechora namba, herufi na mistari ya pembeni. Binadamu, hakuna hata mmoja.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta mtaa wa Tena, kwenye gereji iliyo karibu na mafundi wa kuchomelea mageti, nikiwa mwanafunzi wa msichana anayeitwa Akinyi. Ana umri wa kitinda mimba wangu. Kila Jumamosi alifundisha watu watano au sita kuchora kwa rangi za mafuta, na njia yake ilikuwa moja. Unachagua mchoro mmoja wa mabingwa wa zamani, wenye mtu, na unaunakili mpaka uelewe kila uamuzi aliofanya yule marehemu. Nilipoingia alinisalimia niaje, akaniona mvi, akaona haya, akaanza kutafuta salamu nyingine. Nilimwambia niaje inatosha, mimi nimekuja kufundishwa. Tangu siku ile yeye aliniita Mzee nami nikamwita Mwalimu, na hakuna aliyeona ajabu.

Nilimweleza kwamba rangi ya mafuta ninaijua, nimeishika maisha yangu yote. Alinipa kitubu kidogo kama cha dawa ya meno. Rangi yangu ya behewa hukauka kwa siku moja. Hii yake, niliipaka Jumamosi na Jumatano bado ilinishika kidole. Nikaona hawa watu wa sanaa hawajui mambo. Nyumbani nilikuwa na chupa ya dawa ya kukaushia niliyobaki nayo kutoka karakana. Nikaitia, bila kusema, kwenye turubai langu la kwanza la mazoezi, sikumbuki ilikuwa chungwa au kitunguu. Wiki iliyofuata uso wa picha ulikuwa umejikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka.

"Mzee, hii imebuma," Akinyi akasema, taratibu, akiinusa. Hakunigombeza. Aliitundika ukutani mahali pa wazi, akaandika chini yake kwa chaki neno moja, HARAKA. Iko pale mpaka leo. Mkienda, msiniulize.

Kisha akanifundisha sheria ambayo nawaachia ninyi. Safu ya chini iwe nyembamba, imelainishwa kwa tapentaini. Kila safu inayopanda juu yake iwe na mafuta zaidi kuliko iliyo chini. Ukigeuza, ya juu itakauka na kutulia wakati ya chini bado inasogea, na picha itapasuka kama tope la njia za Mukuru kwa Reuben mvua zikiisha. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Inavuta hewa polepole, inaiva. Huwezi kuiharakisha, unaweza tu kuipangia.

Shida yangu nyingine ilikuwa mkono. Mwandishi wa herufi amefundishwa kwamba ukingo ni heshima. Herufi yenye ukingo wa kutetemeka hurudiwa. Kwa hiyo nilimzungushia Mgeni ukingo mzima, kichwa, bega, kiwiko, kila mahali. Akinyi alitazama akasema nimemkata huyu dada na wembe na kumbandika ukutani. Akachukua brashi pana iliyokauka, akaipitisha juu ya bega mara moja, kama mtu anayefuta vumbi, na bega likazama kwenye giza la nyuma. Nilishtuka kama aliyeona mtu anamwagia maji barua. Halafu nikafinya macho. Kwa mara ya kwanza msichana alikuwa na upande wa nyuma, ule ambao hatuuoni.

Nilifanya kazi nyumbani, picha ya Mama Truphena ikiwa imesimama kwenye kiti kando ya turubai langu. Nilifunga nyuzi juu ya kioo chake, nyingine zimesimama, nyingine zimelala, nikapata vyumba vidogo vidogo. Nikachora vyumba vilevile kwa penseli kwenye turubai, nikahamisha chumba kimoja kimoja. Uso niliuchora picha zote mbili zikiwa zimegeuzwa juu chini, ili mkono wangu usijue kwamba ule ni uso na kuogopa. Na rangi nililinganisha kama nilivyofundishwa na Mzee Wanyonyi. Ukucha kwenye kioo, ukucha unapotea, nasonga mbele. Kila Jumamosi nilimpelekea Akinyi turubai. Picha ya kuchapishwa niliiacha nyumbani, nisiivunje njiani.

Mara moja aliniuliza kwa nini Mgeni wangu ana baridi hivi, maana mabingwa wa zamani walipenda rangi zenye joto. Nilimjibu kwa majivuno kwamba nimelinganisha. Aliona mvi zangu akanyamaza. Baadaye alijilaumu kwa kunyamaza kule, na mimi nilijilaumu kwa kumjibu vile. Mwanafunzi mwenye mvi ni kazi ngumu kwa mwalimu, kwa hiyo mkiwa walimu msiziogope mvi, na mkiwa na mvi zivueni mlangoni.

Mwezi wa tano wa kazi ile niliibeba picha yangu hadi kwa Mama Truphena. Alikaa mbele yake akisogeza kichwa polepole, kama mtu anayesoma gazeti kwa kupitia tundu la ufunguo. Alianza na uso, akashuka bega, akafuata mkono hadi kwenye sindano. Alinisifia sindano. Alisema ni yeye kabisa. Kisha akarudi kwenye uso, na nilimjua vya kutosha kuelewa kwamba anatafuta njia ya kunisaidia.

"Baba Nelima," akasema mwishowe, "umenichorea huyu ninayemwona. Mimi nilitaka yule niliyemwona."

Nilimtazama Mgeni. Mashavu yake yalikuwa ya kijani hafifu, midomo ya kijivu, blauzi rangi ya maji yaliyooshewa mboga. Alikuwa mgonjwa wa kulazwa. Nilikuwa nimenakili jua la alasiri zote zile, kwa uaminifu, kuanzia kona moja hadi nyingine. Na kilichoniuma zaidi si kazi yangu. Nilikuwa nimetumia miezi mitano ya macho yake.

Nilimweleza Akinyi kwa simu na akaja Makongeni jioni ileile, na koleo mkobani. Alikunja misumari midogo ya nyuma, akaitoa fremu, akaitoa picha kwenye kioo kama anayemtoa mtoto kwenye shuka. Tukaona. Kuzunguka pande zote nne, pale ambapo mbao za fremu zilikuwa zimeifunika karatasi, kulikuwa na ukanda mwembamba usiozidi upana wa ukucha, na ndani ya ukanda ule jua halikuwahi kufika. Kiwiko cha kulia kiligusa ukingo, na pale blauzi ilikuwa nyekundu, nyekundu ya kitu kilicho hai. Pindo la sketi, ambalo mimi nilikuwa nimelipaka buluu, lilikuwa kijani cha sukuma wiki. Akinyi akanieleza kwamba kwenye picha za kuchapishwa nyekundu na njano ndizo hutoroka kwanza, buluu hubaki nyuma peke yake.

Najua mnachotaka kuuliza. Tulitafuta kwenye simu. Zilikuja picha nyingi za wasichana wa zamani wanaoshona, na hakuna aliyekuwa yeye. Akinyi alijaribu pia programu inayorudisha rangi, ikampaka Mgeni rangi ya soda ya machungwa. Mama Truphena aliambiwa, akasema heri yule mgonjwa.

Kwa hiyo tulikuwa na ukanda wa ukucha, na kumbukumbu ya mtu mmoja.

Kuuliza kumbukumbu ni ufundi pia. Ukimwonyesha mtu rangi moja na kumuuliza kama ndiyo hii, atasema ndiyo, kwa sababu kumbukumbu ina adabu, humkubali anayefika kwanza. Nilikata katoni vipande vidogo, nikavipaka wekundu wa aina mbalimbali, nikavitia namba nyuma. Nilimwonyesha viwili viwili, na sikumuuliza kipi ni sawa, nilimuuliza kipi si chenyewe. Hapo alikuwa mkali. Hiki ni cha kitambaa cha kanisani. Hiki ni nyama iliyolala. Hiki, ondoa, hiki ni mlango wa duka. Vilivyobaki nilivirudisha baada ya siku tatu bila kumwambia, nikichanganya na vingine. Alichokiacha mara tatu kibaki, nilikichukua. Rangi ya shavu ilituchukua muda mrefu kuliko zote. Siku aliyoipata aliishika ile katoni karibu na jicho akasema mumewe alikuwa akimtania kwamba msichana huyu ana rangi ya mtu aliyetoka kuinama kwenye jiko.

Mwanzoni nilishika vipande viwili mbele yake na aliviona vyote. Baada ya majuma nikaona anageuza kichwa kutoka kimoja hadi kingine. Baadaye nikawa nashika kimoja, nakiondoa, nashika cha pili. Hatukulizungumzia. Nilikata tu katoni ndogo zaidi.

Nilianza turubai jipya. Akinyi alinipokonya kitubu cha rangi nyeusi. Karakana ilinizoesha kwamba ukitaka kivuli unatia nyeusi, lakini ngozi ukiitia nyeusi inakufa pale pale. Kivuli cha shavu nilikijenga kwa kahawia, nyekundu na buluu kidogo, na juu yake, kila kilipokauka, nikapitisha safu nyembamba yenye mafuta mengi, inayopitisha mwanga kama chai ya rangi kwenye glasi. Unaipaka, unaifuta kwa kitambaa hadi unadhani hakuna kilichobaki, na kilichobaki ndicho kinachofanya damu ionekane chini.

Lakini kila safu ilitaka wiki yake. Nilihesabu safu, nikahesabu kasi ya bomba la Mama Truphena, na hesabu hazikukutana.

Nilimwambia Akinyi nataka kumaliza uso kabla ya kugusa sehemu nyingine yoyote, nimpelekee Mama Truphena, kisha mkono, kisha blauzi, kila kipande kikiwa tayari. Yeye wakati ule alikuwa anaona mahali padogo tu kwa mara moja, kwa hiyo kipande kingemtosha. Akinyi alikataa. Picha hupikwa yote pamoja, alisema, ukimaliza uso peke yake hutajua una mwanga kiasi gani mpaka umechelewa. Alikuwa sahihi. Hata leo msifanye nilivyofanya, isipokuwa mna sababu kama yangu. Tulibishana mpaka wanafunzi wengine wakajifanya wanaosha brashi. Nilimuuliza kama ni picha tunataka iwe sahihi au ni Mama Truphena tunataka aione. Aligeukia ukuta wenye ile HARAKA yangu.

"Basi uso kwanza," akasema. "Tukikosea, tumekosea wote wawili, Mzee."

Alikuja Makongeni siku za kazi ngumu. Alikaa nyuma yangu bila kugusa brashi. Mara nyingi alisema neno lile lile, acha, nami nikaacha, na mara nyingi nilikuwa nimekwisha kupitiliza.

Uso niliupeleka ukiwa mbichi, nimeshika turubai kwa nyuma kwenye mbao zake, nikitembea ubavu kupita mlango wangu na kuingia wake. Kuuzunguka ule uso kulikuwa na turubai tupu yenye safu ya chini ya kahawia, kama nyumba ambayo imewashwa taa chumba kimoja. Mama Truphena alisogea karibu sana. Niliona jicho lake likitembea, paji, kope, shavu. Lilirudi kwenye shavu. Akauliza kama chai ipo kwenye chupa au nimeimaliza, kwa sauti ambayo haikuwa yake, na nikaenda jikoni nikakaa huko zaidi ya ilivyohitajika.

Blauzi nayo aliiona. Nilimwonya rangi haijakauka, lakini alinyoosha kidole kabla sijamaliza kusema, na kiwiko kikaacha wekundu kwenye ncha ya kidole chake. Nilitaka kumpa kitambaa. Akakificha kidole mkononi, akaniambia nimwachie. Kesho yake bado kilikuwa chekundu. Mkono wenye sindano aliuona vipande vipande, kidole baada ya kidole, na alinisahihisha kidole gumba kimoja nilichokinyoosha mno.

Ukuta wa nyuma na kikapu nilivimaliza mwisho. Nilibisha hodi asubuhi. Alinifungulia akiwa ameuelekeza uso wake kando yangu kidogo, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Ni wewe, Baba Nelima?" akauliza. Hakuwahi kuniuliza hivyo.

Alikaa kwenye kiti chake. Nami kwa mazoea nikasimamisha picha mbele yake, nikasogeza pazia mwanga uingie, nikarekebisha tena, kama fundi anayeendelea kukaza nati iliyokwisha kukazwa. Aliniacha nihangaike. Kisha akaniambia nimweleze.

Karakana hatukuwa na maneno ya rangi. Tulikuwa na kopo, kijiti na kidole cha kuonyesha. Nilimwambia ukuta ni kahawia. Akauliza kahawia ya nini. Nikatazama kazi ya mikono yangu mwenyewe kana kwamba imechorwa na mtu mwingine. Nikasema karibu na kichwa chake ni kama ukoko wa ugali, pale unapoanza kuungua bila kuungua. Ukienda kulia unakuwa kama buni zilizokaangwa. Kule pembeni kabisa ni kama sufuria ya kuni, nyuma, ikiwa imelowa. Alikuwa anafuata kwa mkono hewani, akishuka nilipokuwa nashuka. Nikamweleza kikapu, nyasi zake, mwanga unavyofia kwenye mshikio. Mkono wake ukasimama.

Aliuliza kuna nini nyuma ya kikapu, chini kabisa, kwenye kona. Nikamwambia hapo ni giza.

"Si giza tu. Kulikuwa na kitu cha njano pale. Baba Truphena alisema ni paka amelala. Mimi nilisema ni kitambaa kimeanguka. Tulibishana mpaka akazeeka."

Nilirudi kwangu, nikaitoa ile karatasi ya zamani, nikaipeleka dirishani. Kwenye picha penyewe hapakuwa na kitu. Lakini kwenye ukanda wa chini, karibu na kona, palikuwa na alama ya njano kama punje ya mchele, ambayo miezi yote ile nilidhani ni doa la gundi. Ilikuwa ncha ya kitu. Mkia, au pindo. Jua lilikuwa limekula kilichobaki.

Nikarudi kumwambia yuko sahihi, kitu kipo. Nikamuuliza nichore paka au nichore kitambaa.

Mikono ilikuwa mapajani, kiganja kimoja juu ya kingine.

"Usitumalizie ubishi," akasema.

Nilichanganya njano iliyopoa, nikaiweka gizani kwa brashi kavu, mipigo mitatu, nikatoa mkono. Akinyi alikuja kuitazama Jumamosi. Alifinya macho, akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto, akaniuliza hicho ni nini. Nilimwambia aende amuulize mwenye nyumba.

Picha niliyoichora, sasa ikiwa na fremu, iko ukutani kwake, mbali na dirisha. Watu wa kanisani wakija kumwona, Mama Truphena huwapeleka mwenyewe mpaka mbele yake, anapapasa fremu hadi kona ya chini, anagusa turubai kwa ukucha na kuwauliza wanaona nini pale. Wengine husema paka. Hao huwaambia wakae upande ule, kwenye kiti cha mumewe.